Kanga Isiyo na Jina

Glenwood, Durban

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, upepo wa huku tu ndio mkorofi.

Juzi darasani mwalimu alituonyesha picha za wachoraji wa Ulaya wa miaka mia iliyopita, wale walioacha kuchora watu na miti wakabaki na miraba na mistari. Moja ilikuwa na mraba mwekundu katikati, ukingo mweusi. Ikanitoka: "Hii kanga! Pindo lile, mji ule. Jina liko wapi?"

Urbain, jirani yangu wa dawati, akacheka. "Eish, Ernestina, maneno hakuna. Iko rangi tu."

Nami nilicheka, lakini nilikuwaza wewe. Wewe na kanga isiyosema, wapi na wapi? Ulipogombana na mama Rhoda ulijifunga "Sina siri nina jibu", ukaenda kuchota maji bombani kwake, na kwetu yalikuwa yanatoka.

Sasa tangu nikuandikie kwamba Urbain huyo, Mkongo wa Bukavu, ameniposa, unaniletea habari za kuku na paa linalovuja. La posa yake hulitaji. Nigombeze basi, mama, nikusikie.

Humu ndani nimekuchorea kanga: pindo jeusi, mji mwekundu. Mahali pa jina nimepaacha peupe. Andika wewe, unirudishie. Liwe tamu, liwe chungu, jina hilo ndilo nitakalojifunga siku ya harusi yangu.

Mwanao, mkaidi kama wewe,
Ernestina