Mzee Alirudi, Baba

Mwingi,
Jumapili mchana

Kwako Baba,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kile kikohozi cha wakati wa baridi kimekuacha. Mimi ni mzima. Joto la huku unalijua, hata kuku wanatembea wakifuata kivuli cha ukuta. Kazi ya jikoni hapa hotelini inaendelea, madereva wa malori ya Garissa bado wanakula kama watu waliotoka jela, na bosi bado anadai chapati zangu ni nyembamba. Mvua imefika huko kwetu Kasikeu? Pojo zimeota? Na yule ng'ombe mweusi amezaa, au bado anawachezea tu?

Najua Mwaitu, mama yangu, ndiye anayekusomea. Mwaitu, naomba usome yote, hata mahali utakapotamani kuruka. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu Baba hanipi nafasi. Nikigusa jambo asilolitaka, mara network imepotea, mara mbuzi wameingia shambani.

Nianze na sinema, maana barua yangu ikifika bila habari za sinema mtadhani nimefukuzwa kazi. Siku hizi nikitoka kanisani natazama kwa Mama Zuhura, mwenye nyumba wangu. Ni mjane wa ukoo wa pwani, ingawa alizaliwa hapa hapa Mwingi, na TV yake ni kubwa kuliko meza inayoibeba. Shida ni moja tu, hataki kusikia DJ. Wewe na mimi tumezoea sinema za kutafsiriwa, DJ akipiga kelele juu ya picha, Mchina akiitwa Mutiso na mke wake Ndunge. Mama Zuhura anasema huo ni uhuni. "Mwanangu, mtu kafiwa, analia, na huyo DJ wako anacheka! Hebu tumwache alie mwenyewe." Basi tunatazama na sauti zao za asili, mimi nikisoma maneno yanayopita chini ya picha. Yakipita haraka ananiuliza, "Kasema nini huyo?" nami najibu chochote kinachonijia.

Tumetazama moja ya Kihindi, ndefu ajabu. Nilianza nayo nikichambua maharagwe, na ilipoisha maharagwe yalikuwa yameshaiva. Msichana anacheza kwenye theluji amevaa kitambaa chepesi kama chandarua, na hapigi hata chafya. Mama Zuhura alilia mwanzo hadi mwisho. Mimi nilijikaza mpaka pale baba ya msichana alipovua kilemba akakiweka miguuni mwa wakwe, akiwaomba wasimrudishe mtoto wake nyumbani. Hapo nilishindwa. Wangepunguza ngoma nusu, ingekuwa sinema nzuri sana.

Ya Kinigeria uliyonisifia nimeiona pia. Baba, nisamehe, sikuipenda. Mama mkwe anawaroga watu sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mchungaji anatokea sehemu ya mwisho akiwa amepiga pasi vizuri. Alikuwa wapi muda wote huo? Watu wameshakwisha! Nayo ya Kimarekani, ile ya jamaa anayeruka kutoka helikopta, hata sitaisemea sana. Risasi zake haziishi na shati halichafuki. Mimi nikipika chapati kidogo tu, aproni yangu haitazamiki.

Sasa tufike kwenye ile ya machimbo, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Wewe na Mwaitu mliitazama kwa DJ, ukanipigia simu siku hiyo hiyo ukiwa umekasirika. Ulisema ni sinema nzuri iliyoharibiwa. Baba ya kijana anachukuliwa kwenda kuchimba mawe mbali, kijana anamtafuta, anapigana na kila mlinzi, anavunja lile lango, halafu basi. "Haina mwisho," ukasema. "Mzee hakurudi. Umetoka mbali hivyo na mzee hata hajarudi!" Nami nikaitafuta, nikaitazama kwa Mama Zuhura. Mzee alirudi, Baba. Kijana ameketi mezani peke yake, ameinamisha kichwa, na mlango unafunguka polepole. Mzee anaingia ameshika viatu mkononi, kama mtu anayeogopa kuchafua sakafu yake mwenyewe. Hakuna anayesema neno. Wanatazamana tu hadi picha inazima. Hata Mama Zuhura hakuuliza mtu kasema nini.

Nilikupigia nikiwa na furaha ya kukubishia. Nikakueleza viatu, mlango, kila kitu. Ukasema, "Aa, pengine hiyo yako ni ingine." Kisha ukanyamaza, ukampa Mwaitu simu. Nami nilicheka, nikamwuliza Mwaitu kama na yeye hakumwona mzee akirudi.

"Si alirudi!" akasema. "Nilimwona, ameshika viatu na mkono. Huyo DJ hapo alikuwa anasalimia watu wake, wa Kibwezi, wa Wote, wa wapi, hakusema kitu ya maana. Lakini mzee alirudi. Na baba yako alikuwa amekaa mbele yangu, karibu aingie ndani ya TV."

Hapo kicheko kilinikauka. DJ hakusema kwamba mzee amerudi, na wewe hukujua kwamba amerudi.

Nikamwuliza, "Mwaitu, Baba haoni?" Nikamsikia akifunga mlango. Halafu akasema, "Mimi sijasema kitu." Na kweli hakuwa amesema kitu, usimkasirikie. Nilimbana mimi.

Nilianza kukumbuka Krismasi. Nilipoingia getini ulinikaribisha kama mgeni, ukaniuliza watu wa kwetu hawajambo, mpaka niliposema neno ndipo ukaita jina langu. Nilidhani ni utani wako. Kanisani ulishika Biblia imefunguliwa mahali pamoja ibada nzima, ukasema miwani ilipotelea shambani. Nami nikaamini, kwa sababu jioni tulikaa sebuleni tukatazama sinema pamoja na ulicheka pale pale tulipocheka sisi. Ulikuwa unacheka na DJ.

Mwaitu ameniambia mengine. Kwamba daktari wa macho alishakupima, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hutolewa mtu akaona tena, ila usikawie. Kwamba ulirudi nyumbani ukamkataza asituambie. Kwamba unaogopa kwa sababu ya yule mzee wa kanisa aliyepasuliwa akarudi haoni kabisa upande mmoja.

Nimekasirika, Baba, nakuambia wazi. Sijakasirika kwa sababu unaogopa. Hata mimi naogopa, tangu siku ile nikikata vitunguu na machozi yakija sijui ni ya vitunguu au ni yangu. Nimekasirika kwa sababu uliogopa peke yako, na mtoto unaye. Sijui jicho la yule mzee lilikuwa na ugonjwa gani, wala sitakudanganya kwamba hospitali haikosei. Lakini nimezungumza na muuguzi anayekula hapa kwetu. Anasema wanaanza na jicho moja, likipona vizuri ndipo wanashika la pili. Bosi amenipa ruhusa baada ya kunung'unika. Nitafika Alhamisi, na Jumatatu tutakwenda hospitali wote wawili, nami nitakaa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji mpaka utoke.

Sitakuburuta. Ukikataa, nitawapikia siku hizo nilizopewa kisha nirudi Mwingi. Lakini ujue ninachokuomba. Tangu nikiwa mdogo hakuna mtu aliyenibishia kama wewe. Ulikuwa unasimamisha picha katikati ili unieleze kwa nini mwizi ni mjinga, na mimi nilikuwa nakujibu, na Mwaitu anatufukuza tukabishane nje. Siku ile ya simu uliponyamaza, nilienda jikoni nikijisifu kwamba mwishowe nimekushinda. Sitaki kukushinda hivyo.

Nisalimie nyanya yangu Susu, mwambie leso aliyoniagiza nimeipata, ya maua makubwa kama alivyotaka. Nisalimie kaka Mutinda na mke wake, na shangazi Kanini akija kusaga mahindi. Mama Zuhura anawasalimu, na anasema Baba akipona aje Mwingi atazame sinema za watu wenye heshima.

Jibu nataka nilisikie kwako mwenyewe, hata likiwa neno moja. Mwaitu, ukimaliza kusoma, mbonyezee namba yangu, mwekee simu mkononi, halafu utoke nje.

Ni mimi mtoto wako,
Mwende