Kiti Kilichobaki Kwenye Gari la Mbugani

Maskati

Mama yangu, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Mwanao Juma kaniambia umerudi kukaa chini mkekani kusuka ukili, nikajua ama limepata nafuu ama umeamua kulidharau. Nasikia pia mvua iliingia mpaka uani. Naomba Mungu barua hii ikifika maji yawe yamekauka na nyote muwe wazima. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Utashangaa kuona bahasha wakati simu zipo. Lakini wewe mwenyewe unajua simu yako ni ya nyumba nzima. Nikikutumia ujumbe wa sauti unausikiliza kwa spika, Mama Tatu wa vitumbua anajibu kabla yako, na Athumani yupo palepale miguuni pako. Haya ninayotaka kusema yanamhusu mwanangu, na sitaki ayasikie kabla wewe hujayapima. Kwa hiyo nimempa Rehema, mwenzangu wa Charambe anayerudi likizo, akukabidhi mkononi. Mpe chai. Ana maneno mengi lakini ni mtu mzuri.

Siku ile niliposema nakuja Tanzania mwezi wa sita, ulipiga vigelegele kabla sijamaliza kuzungumza. Kufika jioni Juma kanitumia picha ya kuku uliokwisha kuwatenga kwa ajili yangu. Ikabidi nikupigie tena kukueleza kwamba siji Mbagala, nakuja na mabosi zangu kwenda mbugani. Halafu ukauliza kama kweli watu wenye hela zao wanasafiri kote huko kwenda kulala kwenye turubai. Nilicheka, lakini nilijua umeumia.

Ngoja nikueleze vizuri. Bibi Thuraya na mumewe wana asili ya Unguja, Kiswahili wanakijua, na mwaka huu wameamua watoto wao Saidi na Maryamu wakaone wanyama Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Ndege inashuka Kilimanjaro na kuondokea hapohapo. Mimi nachukuliwa kwa sababu ya Maryamu. Ana miaka mitatu, na hali wala halali bila mimi. Niliomba siku mbili tu nije nyumbani. Bibi Thuraya hakuwa mkali. Alisema huo ndio wakati anaonihitaji zaidi, na likizo yangu itafika mwakani.

Basi nikageuka mpangaji wa safari. Kwa kuwa ni Mtanzania, nyumba nzima inaamini nimekua na tembo. Bibi Thuraya ananikalisha pembeni yake na kompyuta, ananiuliza simba wanaonekana asubuhi au jioni, nyama ya kambini imechinjwa na nani, na hema lina choo cha ndani au mtu anatoka nje usiku. Mama, mnyama mkubwa niliyewahi kumwona kwa macho yangu ni yule ng'ombe wa Mzee Idi aliyekata kamba akaingia dukani kwa Mangi. Nilimwambia hivyo, akadhani natania.

Aliyeniokoa ni kijana wa kampuni ya utalii ya Arusha, anaitwa Elibariki. Tunaongea naye kwa video. Siku ya kwanza aliniuliza mimi mwenyeji wa wapi, nikasema Mbagala, akaangua kicheko akasema Mbagala na simba wapi na wapi. Tangu hapo akawa ananielekeza polepole ili nisiaibike mbele ya bosi. Chakula ni halali, choo kipo ndani, na nguo nyeusi au za buluu iliyokoza tuziache kwa sababu mbung'o wanazipenda. Kisha akaanza kutupanga kwenye gari, nani akae wapi, akamalizia, "Nyie mkikaa wote, siti moja ya dirishani inabaki. Mtawekea mabegi."

Baada ya hapo sikusikia tena alichosema. Nilizunguka na kiti hicho kichwani siku kadhaa, nikiunguza wali na kuweka chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Mwishowe nikajikaza asubuhi moja tulipokuwa tunamvalisha Maryamu. Nikamuuliza Bibi Thuraya kama mwanangu Athumani anaweza kukaa pale. Akanitazama.

"Kumbe yule ni mwanao? Mie siku zote nadhani mdogo wako."

Nilimwambia tangu wiki ya kwanza, lakini sikumkumbusha. Akasema aje, Saidi atapata mwenzake wa kucheza, na atalala hema moja na mimi na watoto. Jambo lililoninyima raha siku zote hizo yeye alilimaliza wakati anafunga vifungo vya gauni la mtoto. Tena akaongeza, kwa wema tu, kwamba kazi itabaki kazi, Maryamu hutapika garini na akitapika hamtaki mtu mwingine.

Nilifurahi mpaka kwenye chakula cha mchana. Halafu hofu ikaniingia na haijatoka.

Kuna hofu ndogo ndogo. Ngorongoro kuna baridi, na sweta pekee la Athumani ni la shule, la buluu ile ile ya mbung'o. Anaogopa hata mbwa wa jirani, sijui akisikia fisi nje ya hema atafanyaje. Atasafiri na Juma kwa basi mpaka Arusha, nami nimemwambia Juma wapandie Mbezi, stendi ilikohamia, maana wewe bado utawaelekeza Ubungo. Hizo nazizungumza na Rehema kutwa nzima, ili nisiifikie ile yenyewe.

Yenyewe ni hii. Unakumbuka siku ile tulipokuwa kwenye video, Maryamu akanipanda mapajani akanipokonya simu? Athumani aliuliza huyo nani. Nikasema mtoto wa bosi. Akakupa simu. Tangu siku hiyo, nikipiga video anasema chaji imeisha, au yuko chooni, au amelala saa kumi na mbili jioni. Juma ameniambia akiwa na wenzake ananiita mama wa kwenye simu. Hasemi kwa hasira, anasema kama mtu anavyotaja jina.

Sasa mtoto huyo nimkalishe kwenye gari moja na Maryamu. Mama yake Maryamu anamwita Ummi. Mimi ananiita mama, hakuna aliyemfundisha. Halali mpaka nimwimbie, na wimbo ninaomwimbia ni ule ule niliokuwa namwimbia Athumani akiwa na homa, maana sijui mwingine. Mwanangu atakaa dirishani na kunisikia. Atanisikia nikiitwa mama na mtoto wa watu, nami nikiitika, kwa sababu nisipoitika nitakuwa sifanyi kazi iliyonileta. Naogopa, mama. Naogopa asije akamtazama twiga safari nzima ili asinitazame mimi.

Nilitaka kuvunja mpango, nimwambie Bibi Thuraya kuwa shule imekataa kumpa ruhusa. Rehema akanijia juu. Ana watoto wawili Charambe na likizo hii ndiyo atawaona kwa mara ya kwanza tangu aje huku. Akaniambia, "Mwenzio nimeitafuta nafasi kama hiyo mpaka nimechoka, we unaitafutia kasoro." Nikauacha uongo ule, kwa sababu alikuwa na haki.

Halafu juzi ukanitumia ujumbe wako. Ulisema nisihangaike na siku ya kuagana, Juma atampeleka Athumani kununua soda, akigeuka gari limeshaondoka. Ukasema, "Mtoto haagwi, unamliza bure."

Najua umesema kwa huruma. Ndivyo tunavyofanya sote. Baba akirudi Mafia kazini, sisi tulikuwa tunatumwa kwa shangazi kuazima ungo. Siku yangu mimi, Athumani alitumwa vitumbua kwa Mama Tatu, nami nikaingia kwenye bajaji na begi. Siku ile nilishukuru kwamba sikusikia kilio. Lakini mwaka jana Juma alinieleza mliyokuwa mmenificha. Athumani alirudi na vitumbua, akakifunika changu kwa bakuli, akakataza mtu yeyote kukigusa mpaka nirudi. Kikaota ukungu, na mlipokitupa akalia siku nzima.

Safari hii sitaki soda, mama. Usinielewe vibaya, wewe ndiye uliyemlea, na kama leo anajua kusoma na kuswali ni kwa ajili yako. Ila kwa hili nisikilize mimi. Kabla hajapanda basi aambiwe yote, kwamba atanikuta nimebeba mtoto mwingine, na kwamba mimi narudi Maskati na yeye anarudi Mbagala. Akisema haji, asije. Usimtishe na wala usimbembeleze kwa peremende. Juma naye asimwambie kwamba mwanaume haogopi.

Nami upande wangu nimeshazungumza. Nilimwambia Bibi Thuraya kwamba asubuhi ya mwisho Maryamu atakaa kwake, hata akilia, hata akitapika, mpaka nimalize kumuaga mwanangu. Akasema sawa. Ni mara ya kwanza tangu nije huku kumwambia neno la namna hiyo, na mpaka sasa sijui kama amekasirika.

Nisalimie shangazi Mwajuma, mwambie dawa ya macho anayo Rehema. Msalimie Juma na mkewe kule Goba, namuombea amalize kuezeka kabla ya masika mengine. Mama Tatu mwambie nampenda ingawa anadaka salamu zisizo zake. Na wale kuku, wachinjeni tu. Kuleni na Rehema siku atakayokuja, mkae uani mseme yangu yote.

Ukurasa wa nyuma ni wa Athumani. Nimeandika herufi kubwa. Mwache asome mwenyewe. Akikwama msaidie, lakini usimbadilishie neno.

Ni mimi mwanao unayeniombea,
Mwanahamisi

*

Athumani,

Habari za shule? Mjomba Juma kanionyesha daftari lako. Mwandiko wako mzuri kuliko wangu.

Nakuja Tanzania kuona wanyama. Kuna kiti chako kwenye gari, dirishani. Pembeni yako nitakaa mimi. Nitakuwa nimembeba Maryamu. Yeye ni mdogo na kumlea ndiyo kazi yangu. Ataniita mama. Ukiona vibaya, niambie, hata mbele za watu.

Safari ikiisha mimi nitarudi kazini na wewe utarudi kwa bibi. Sitaondoka ukiwa dukani. Kama umelala nitakuamsha. Nitakuaga, na wewe utaniona naondoka. Ukilia, lia. Na mimi nitalia.

Ukitaka kuja, mwambie mjomba. Usipotaka, mwambie pia. Nitakupigia Ijumaa, na kama simu haina chaji nitapiga tena Jumamosi.

Mama yako