Akamwani Mbele ya Kamera

Dada Koku,

Keti vizuri huko uliko, maana mdogo wako sasa ni msanii wa filamu. Usicheke.

Kile kitabu chako cha zamani, cha chifu anayeposa binti wa mkulima, ulichokuwa ukinisomea tukichambua kahawa uani, wamekifanya filamu hapa hapa Kaagya. Mimi ndiye baba wa binti! Nikawatangazia watu toka Kemondo hadi Muleba kwamba bila mimi hakuna filamu. Kumbe nina sentensi moja tu: "Karibu, mjumbe wa chifu."

Siku ya kurekodi watu walijaa mpaka migomba ikalala. Steringi kutoka Dar akaingia kama mjumbe, akakaa, akafungua mdomo aseme habari za posa. Mimi nikainuka, nikaingia ndani. Kamera ikabaki imeduwaa. Nikarudi na kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna.

"Kata! Mzee, nani amekutuma?" mwongozaji akafoka.

Nikamjibu, "Mgeni hajatafuna kahawa, ataniombaje binti?"

Akasema nikirudia ananitoa, nafasi anampa jirani Rwegasira. Rwegasira, Dada! Yule aliyesinzia hata msibani kwako. Niliogopa kweli. Baada ya majigambo yote yale, uso ningeuweka wapi?

Ndipo mwanao Asimwe akakimbia nyumbani, akaleta kitabu chako. Ukurasa wa posa una mstari wako wa penseli chini ya maneno haya: mjumbe hasemi neno mpaka apokee kahawa kwa mikono miwili. Mwongozaji akasoma mara mbili. Akavua kofia.

"Mzee, rudi ndani ukailete."

Steringi akatafuna punje mbili, uso ukajikunja kama nguo iliyokamuliwa. Wakasema hiyo ndiyo sura bora ya filamu nzima. Wanasifu uigizaji, kumbe ni uchungu wa kahawa ya shamba lako!

Mitaani nasimulia kwamba nilikariri kitabu chote. Wewe unajua niliishia darasa la tano. Sikukariri kitu. Nilisikia tu sauti yako uani, na... basi, kalamu imekwama kidogo.

Wataionyesha ukumbini Miembeni. Nitashika viti viwili mbele kabisa. Cha pili hakikaliwi na mtu. Nitaweka juu yake akamwani mbili kwenye jani la mgomba. Wakiniuliza, nitasema mgeni wangu ameshafika, anatafuna kwanza.

Hiyo ahadi sijaitia chumvi.

Pumzika, Dada.

Mdogo wako, steringi wa Kaagya