Picha za Yeong-ju Ukutani

Seoul, mwisho wa Novemba

Kwako dada yangu Ok-sun, huko Mokpo,

Pokea salamu za mdogo wako. Goti lako limeikubali ile dawa, au baridi bado inalisumbua? Sisi huku tunapumua. Ila kabeji za kimchi, achari yetu ya majira ya baridi, bado zimekaa kibarazani bila chumvi, basi ujue akili yangu haijatulia.

Kwanza nijisifu kidogo, usinikasirikie. Reli ya chini ya ardhi inazidi kusogea. Awamu ya kwanza iliishia sokoni, ya pili ikapita chini ya mto, na hii ya tatu inapita chini ya kilima chetu hiki hiki. Na mhandisi anayepima handaki ni nani? Yeong-ju wangu, mwanamke pekee kati ya wanaume wote wale.

Mwanzoni walimkataa. Wachimbaji walisema mwanamke akiingia handakini mlima huona wivu ukaporomoka. Akawajibu basi wausubiri mlima uje kumwambia wenyewe, akavaa kofia yake akaingia. Siku hizi nyapara Bae humwita Dada Msumari. Hata kichwa cha nguruwe cha tambiko la kufungua awamu hii nilikichemsha mimi, polepole, mpaka midomo ikapanda, maana nguruwe asiyecheka ni nuksi. Bae alisema huyu anacheka kuliko mke wake siku ya mshahara.

Majirani wanasema nimezidi majivuno. Ukuta mzima wa sebule ni picha za binti yangu: akihitimu, akiwa na kofia ya kazi, akiwa mchanga hana hata jino. Bibi Noh wa ghorofa ya chini, anayelea wajukuu wawili, aliniuliza kama nafungua makumbusho. Nikacheka naye.

Dada, nyuma ya picha hizo kuna ufa. Ulianza baruti zilipofika kilimani, mwembamba kama unywele, nikaufunika kwa picha ya kuhitimu. Ukarefuka, nikaongeza picha. Nikisema, kazi itasimamishwa, na wale wanaume watamcheka mwanangu kwamba si tulikwambia. Kila Jumapili anakuja kula, nami humwekea mto wa kukalia ili aupe ukuta huo mgongo.

Jana Bibi Noh alipanda kuniuliza mbona mlango wake haufungiki tena. Nikamwambia ni unyevu, nami najua ni ufa ule ule. Akashuka na mjukuu mgongoni, akanishukuru.

Leo ni Jumapili. Picha zote nimezishusha, nimezilaza sandukuni. Mto wa kukalia nimeugeuza, uelekee ukutani.

Msalimie shemeji, na wanao waambie mama yao mdogo anawakumbuka. Naishia hapa, maana namsikia mwanangu akivua viatu mlangoni.

Mdogo wako,
Ok-bun, mama yake Yeong-ju