Ukurasa wa Shangazi Wakesho

Voi, Jumatano

Kwako Shangazi Wakesho,

Natumaini baridi ya huko milimani Mwanda haijakuzidi na maharagwe yameota vizuri. Huku kwetu ni jua na vumbi tu.

Chuo ninachofanyia kazi kiliniomba niandike historia ya Idara ya Theolojia, ambayo imetimiza miaka arobaini. Niliandika kwamba wewe ndiwe uliyeianzisha, ukiwafundisha Kiebrania wanafunzi sita katika chumba cha mabati, kisha ukafukuzwa kwa sababu mwanamke hafai kufundisha wachungaji. Mkuu wa idara, Mchungaji Mwadime, akaniita ofisini.

"Mkawasi, futa ukurasa huo. Unatuaibisha."

"Aibu ni ya waliomfukuza," nikamjibu.

Akachapisha kitabu cha historia hiyo bila jina lako. Siku ya sherehe nilipoitwa kukisoma, nilikiweka kando nikausoma ukurasa wako mbele ya askofu. Mchungaji mmoja mstaafu kutoka Ronge akasimama.

"Mimi ni mmoja wa wale sita," akasema. "Alinifundisha yeye."

Jana niliachishwa kazi. Usilie, Shangazi. Sikuomba msamaha na sitaomba. Jumamosi napanda huko pamoja na yule mzee. Anataka kukushukuru mwenyewe.

Binti wa kaka yako, asiyejuta,
Mkawasi