Asiyekohoa Penye Jiwe

Milimani, ng'ambo ya Kongo
Septemba 1956

Mpendwa mke wangu, Mama Mwape,

Leo ni Jumapili, katikati ya Septemba. Tangu nilipopanda boti ya wauza samaki pale Kashikishi na kukuacha umesimama majini hadi magotini, mvua zimenyesha misimu miwili, na wa tatu unakaribia. Mwape lazima ameshaota meno ambayo mimi sijayaona.

Nakuandikia kwa Kiswahili, wala si kwa Kibemba, na najua utacheka. Unakumbuka siku ya kwanza sokoni? Nilidhani wewe ni mwanamke wa Kongo kwa jinsi ulivyofunga kitenge, nawe ukadhani mimi ni mtu wa ng'ambo kwa sababu ya kofia yangu. Tukagombana kwa Kiswahili juu ya fungu moja la samaki wakavu, mimi nikisema wana mchanga, wewe ukisema mchanga uko machoni mwangu. Mpaka mama yako alipokuita kwa Kibemba kutoka nyuma ya moshi, nami, kwa kusahau, nikaitika kwa Kibemba. Kisha ukasema, bado kwa Kiswahili: "Kumbe wewe mutu wa hapa hapa. Sasa unanichosha na luga ya wageni kwa nini?" Tangu siku hiyo, tukitaka kusema jambo la sisi wawili, tunalisema kwa luga ya wageni.

Nina jambo la namna hiyo. Mwambie mwalimu wa kanisani akusomee polepole, na asisome mbele ya watu. Ni habari ya ghuba ya mama yako. Kuna wazungu wanataka kwenda huko kutembea, na siamini kwamba wanataka kutembea tu.

Kazi yangu unaijua nusu. Nilikwambia nabeba mizigo. Sikukwambia ni mizigo ya nini, maana hata mimi ilinichukua muda kuamini. Huu ni mlima uliofungwa. Serikali ya huku imesema ni wa wanyama na maua: hakuna kulima, hakuna kuwinda, hakuna kukata mti. Halafu wageni wanakuja kutoka mijini, na sisi tunawabebea mahema, vitanda vya kukunja, sufuria, na hata beseni la kuogea, mpaka juu kabisa ambako hakuna kitu. Nakuapia hakuna kitu. Ni majani mafupi, mawe, na upepo unaopenya koti. Wakifika wanakaa kwenye jiwe, wanatazama jua linavyotoka, wanapeana mikono kama watu waliomaliza mavuno, kisha tunashuka.

Wengine hawafiki juu. Wanazunguka na darubini wakitafuta ndege, na wakimpata hawampigi, wanamtaja jina tu. Yuko mama mmoja anayechuma maua na kuyalaza katikati ya karatasi. Wako wanaooga kwenye dimbwi chini ya maporomoko, maji baridi mpaka meno yanagongana, na wakitoka wamekuwa wekundu na wanacheka. Na wako wanaovua. Hao ndio walionitia wasiwasi kuliko wote. Mtu anasimama asubuhi nzima kwenye kijito na ufito wake, anapata samaki, anampima urefu, kisha anamrudisha majini kwa mikono miwili, taratibu, kama anayelaza mtoto. Mara ya kwanza tulipoona hivyo, mimi na Kabwe tulitazamana. Kwetu, anayerudisha samaki mzima majini ana ombi lake kwa ziwa. Huyu anaomba nini? Na kwa nini kwanza apime?

Nilimwuliza kapita wetu, yule anayetugawia mizigo. Akasema, "Wanapumuzika."

Nikamwambia mtu akipumzika hulala.

"Ndiyo maana wewe ni mubeba mizigo," akasema.

Basi nikamwuliza Ilunga, mpishi. Ilunga ni mtu wa mlima huu huu, amezaliwa hapa. Ana nywele nyeupe na hasemi sana. Alikuwa anapanga mafiga, akanionyesha kwa mguu mahali wageni walipokuwa wanasimamisha hema kubwa. Kwenye majani palikuwa na jiwe bapa lenye shimo laini katikati, kama yale tunayosagia.

"Ile ni ya mama yangu," akasema. "Hapa palikuwa jikoni."

"Mlihama lini?"

"Hatukuhama. Kwanza alikuja mumoja, kutazama ndege. Mutu muzuri. Tulimupa kuku. Mwaka wa pili wakaja wengi na mahema, tukawabebea maji. Halafu wakaja wengine kabisa, hao hawakutazama ndege. Wakasema hapa hapana watu. Siku ile tulikuwa mashambani, bonde lile kule. Walikuta nyumba bila moshi."

Akawasha moto, akaanza kukaanga mayai ya wageni.

Sasa ujue ilikuwaje mpaka wakasikia habari ya ghuba. Kabwe unamjua, yule wa Kashikishi mwenye jino lililovunjika. Yeye ni wa ukoo wa mamba na mimi ni wa ukoo wa samaki, kwa hiyo ni mtani wangu, na unajua watani wa kwetu walivyo. Alikuja kwenye msiba wa baba akachukua sufuria ya nyama, akakimbia nayo akisema marehemu alikuwa mboga yake, na watu wakacheka machozi yakiwatoka. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Ndivyo tulivyolelewa.

Jioni moja wageni walikuwa wamekaa kwenye moto, na yule Bwana mwenye ndevu nyekundu, anayekuja kila kiangazi na anayesema Kiswahili cha huku vizuri, akaniuliza, "Wewe, kwenu kuko nini ya kuona?"

Nikasema, "Ziwa, Bwana."

"Ziwa tu?"

Kabwe akadakia. "Bwana, usimuulize huyu, ni mchoyo. Huyu ni samaki, mimi ni mamba, vitu vyake vyote ni vyangu. Ana ghuba moja nyuma ya matete, mchanga mweupe, maji safi, hata upepo hauingii. Anaificha kama muke. Mimi ninakupa. Chukua."

Wabeba mizigo wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia mamba asiye na meno asigawe samaki. Kwetu mambo yangeishia hapo. Lakini yule Bwana hakucheka. Alisimama, akachora ziwa ardhini kwa fimbo yake, upande wa Kongo na upande wetu, akachora na kisiwa cha Chisenga, akamwambia Kabwe aweke jiwe mahali ghuba ilipo. Kabwe, bado anacheka, akaweka jiwe. Bwana akatoa kiberiti mfukoni, akakiweka kando ya jiwe. "Hema ya kwanza," akasema. Akaomba kiberiti cha mwenzake. "Hema ya pili." Akaweka na kipande cha ukuni: boti.

Nilitazama vile viberiti, Mama Mwape. Kimoja kilikuwa juu ya vichanja vya samaki vya mama yako.

Walipokwenda kulala niliokota lile jiwe, nikalitia mfukoni. Liko hapa ninapoandika. Najua ni upuuzi. Alichokitaka alishakiona.

Asubuhi kapita akaniita pembeni. Alisema kiangazi kijacho Bwana atashuka ziwani kwetu Mweru na rafiki zake. Watavua kwa ufito, wataogelea, watatazama ndege wa matete. Wanataka mtu wa kuwaonyesha njia, kisha abaki pale kulinda mahema mwaka mzima. "Utakaa kwenu," akasema. "Utalala na muke wako, utalipwa. Mutu gani atakataa?"

Nikwambie ukweli, nilitaka kusema ndiyo. Mgongo wangu umechoka. Kamba ya mizigo imeniachia alama kwenye paji la uso ambayo Mwape ataiogopa. Nililala nikiiona ile ghuba, na nikaikumbuka siku ile mama yako alipokwenda Mwansabombwe akatuachia samaki tuwageuze. Hatukuwageuza. Ulioga na kitenge chako, ukaniita mwoga kwa sababu niliogopa mamba. Tulitembea mchangani kutoka matete mpaka kwenye miamba, tukarudi, tukaenda tena. Ulinionyesha ndege mweupe amesimama kwa mguu mmoja, ukasema anafikiri kama mkwe. Tulichoma samaki mmoja tukala kwa jani. Mama yako aliporudi akaona upande mmoja wa samaki umeungua, akakuuliza wewe huku akitazama ziwa, maana mimi mkwe wake hanisemeshi: "Huyo mtu wako, leo amefanya nini?"

Ukajibu, "Ametembea."

"Ametembea kwenda wapi?"

"Hapa hapa."

Nikakaa nikiwaza. Kumbe sisi pia tulitembea bila sababu, tukaoga bila uchafu, tukatazama ndege bila kumla. Labda yule Bwana ni hivyo tu. Labda ana kazi ngumu huko mjini, na anataka siku moja asiulizwe kuni ziko wapi. Kwa muda nilimwamini. Nikaenda kumwuliza mwenyewe, alipokuwa anafunga ndoano yake.

"Bwana, mukija kwetu munatafuta nini?"

"Hakuna. Kutembea tu."

Jibu lako lile lile. Nikasema, "Ile ghuba si yangu, Bwana, wala si ya Kabwe. Ni ya mama mukwe wangu."

"Basi utamuomba."

"Siwezi kusema naye."

"Umegombana naye?"

"Hapana. Ni heshima."

Akacheka, lakini si vibaya. "Umeoa miaka mingapi na hujasema na mama mukwe? Haya. Wewe onyesha njia tu. Tutasema naye sisi wenyewe."

Hapo nikamwona akilini mama wa Ilunga akimpelekea kuku yule mgeni wa kwanza. Sisemi Bwana huyu ni mtu mbaya. Amenipa dawa ya miguu bila kuombwa. Lakini hata yule wa kwanza wa ndege alikuwa mzuri, Ilunga mwenyewe amesema. Mimi simwogopi anayekuja kutembea. Namwogopa yule atakayefuata nyayo zake.

Nimekataa. Nilimwambia kapita mgongo wangu hauwezi. Hakuamini, na tangu siku hiyo ananipa mzigo wa beseni.

Lakini jambo linaloninyima raha ni Kabwe. Juzi tulikuwa tunateka maji akaniambia, akitazama ndoo, "Mune, rafiki yangu, ukikataa wewe, naweza kuwapeleka mimi?"

"Unatania?"

Alijaza ndoo mpaka juu, akaiweka chini. "Sijui," akasema.

Mtani anayetania hujibu haraka. Nami siwezi kumkasirikia, kwa sababu kama ni utani nitakuwa nimevunja desturi. Na kama si utani, nitajua siku nitakayosikia amevuka ziwa. Tunakula sahani moja, na ninamtazama mkono.

Kwa hiyo nisikilize. Kiangazi kikija, msiiache ghuba tupu, hata mkienda kulima. Mwambie kaka yako ajenge kibanda kingine upande wa miamba na aanike nyavu zake hadi mwisho wa mchanga. Abaki mtu mmoja, hata bibi kizee. Moshi usikatike. Anayekuja aone kwa mbali kwamba hapo pana watu na wanapika.

Na kama mtu atakuja akisema nimemtuma mimi, kuna namna ya kumjua. Unalikumbuka lile jiwe kubwa njia inapoteremka. Tangu nikuoe sijalipita bila kusimama na kukohoa, mpaka mama yako ahamie upande wa pili wa moshi na wewe uite, "Haya, njoo." Hata siku ile Mwape alipozaliwa, nilisimama pale jua linawaka nikikohoa kama mgonjwa wa kifua, na nyinyi humo mmenisahau. Basi atakayepita jiwe bila kukohoa, akaingia moja kwa moja hadi kwenye vichanja, awe mzungu mwenye ndevu nyekundu, awe Kabwe na jino lake, mjue mimi siko naye. Mpeni maji, mpeni kiti, kwa kuwa ni mgeni. Mama yako asimpe kuku. Na akiuliza kama mahali hapa ni pa nani, muitane wote, watoto na wazee, mje msimame mbele yake.

Mwambie mama yako haya kwa maneno yako, kama kawaida. Mwambie "huyo mtu wako" ametembea vya kutosha.

Nashuka na kundi la mwisho la wageni, kabla mvua hazijaharibu njia ya mlima. Nitavuka na boti ya wauza samaki hadi Kashikishi, na kutoka hapo nitakuja kwa miguu. Mvua ya kwanza ikipiga matete, anza kusikiliza kule kwenye jiwe. Nikikohoa, usinicheleweshe kama siku ile.

Mimi mume wako,
Baba Mwape