Mshumaa wa Agripina kwenye barafu

Alhamisi leo. Joto la kukera, halafu milima imejifunika wingu mpaka kiunoni. Nimekaa mlangoni, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi.

Nimerudi jana kutoka Kilimanjaro. Sikwenda kutalii. Nilikwenda kubeba.

Kichwa hakijatulia. Binti yangu Sesi, aliyenifungulia huu ukurasa wa mtandaoni, anasema baba andika tu kama unavyoongea. Haya, naongea.

Mke wangu Agripina alifariki mwaka jana. Jumapili hii ni misa yake ya mwaka. Baada ya misa ukoo wake unakaa kikao. Sisi Waluguru ardhi inakwenda upande wa mama. Hapa ninapoishi, juu ya Bigwa, ni kwao. Matofali nimefyatua mimi, miti nimekata mimi, lakini nyumba imekaa kwenye udongo wao. Sesi ni mtoto wao, hana shida. Mimi ndiye niliyekuja. Ukoo ukisema mgane akae, nakaa. Ukisema arudi kwao, nafunga mzigo. Kwetu ni Kisaki kwa mama yangu. Nimetoka kule kijana. Walionijua wamekufa.

Na mgane haulizi. Ukiuliza wanaona unadai. Unanyamaza mpaka uambiwe.

Mwenye kauli ni kaka wa marehemu, Damasi. Yeye ni mpagazi Moshi, miaka mingi. Akanipigia simu, mimi nipo juu ya jengo nabeba zege.

"Mlamu, mwenzetu mmoja kaumwa. Njoo ubebe."

Mlamu ndiyo shemeji kwetu. Nikasema nakuja. Moyoni nikajua ananiitia neno lile. Anataka aniambie mbali, nisidhalilike mbele ya binti yangu.

Nikachukua mshumaa, ule mnene wa kanisani niliomnunulia Agripina kwa ajili ya misa. Yeye kila Damasi akija likizo alikuwa anamuuliza kitu kimoja: theluji inanukaje? Damasi anamjibu, njoo unuse mwenyewe. Hakwenda. Nikasema nitamuwashia kule kule, Jumapili nitanunua mwingine.

Mgeni wetu alikuwa mzungu mmoja mrefu, Yonas. Alikuja na ubao. Unaufunga miguuni, unasimama, unateleza nao kwenye theluji. Alitaka alale kule juu kabisa, kwenye shimo la mlima karibu na barafu, asubuhi ateleze. Basi. Hilo tu. Kiongozi wetu alituambia kwao theluji inafika mpaka mlangoni.

Sijaelewa mpaka leo.

Ubao nikapewa mimi. Wenzangu wakasema ufunge mgongoni. Mimi nimezaliwa nabeba kichwani. Nikaweka ngata, nikaweka ubao juu, nikaenda kama na tenga la kabichi. Msituni tope, nikateleza, mimi huku ubao kule. Mpishi wetu alikuwa Mzigua, mtani wangu. Alikaa chini kabisa kucheka.

"Ubao mgeni amekuja kuteleza nao juu, Mluguru kashaanza kuteleza nao huku chini. Na hujaulipia."

Nikamwambia Mzigua nyamaza, chumvi kwenye supu yako inatosha kuua mamba.

Damasi alicheka pia. Lakini neno lile hakulisema. Siku nzima ananitangulia, ananiangalia nyuma. Kila tukikaa kupumzika namsikiliza anavyovuta pumzi. Nasema sasa anaanza. Anafunga kamba za viatu, anasimama.

Kambi ya mwisho kabla ya barafu nikautazama ule ubao vizuri. Tope limekauka upande wa chini. Na chini ya tope kuna kitu cha mafutamafuta kimeganda. Niliona aibu. Kifaa cha mtu nimekichafua. Nikaomba maji ya moto, sabuni ya unga na stilwaya ya mpishi. Nikasugua kama sufuria iliyoungulia ugali. Mafuta yote yakatoka. Ukawa mkavu, ukipitisha kiganja unakwaruza.

Nikaridhika. Nikaufunga kwenye gunia.

Kesho yake tukafika juu. Sina maneno ya pale. Kichwa kilikuwa kinagonga kama mtu anavunja kokoto ndani. Barafu ni ukuta, imesimama peke yake kwenye mchanga, kama watu walijenga wakaacha. Ina ubluu wa sabuni ya mche. Karibu yake kuna mteremko wa theluji. Nikainama, nikachota, nikanusa.

Inanuka bati jipya.

Nikataka kumwambia. Nikasema nitamwambia Agripina, halafu nikakumbuka.

Mimi na Damasi tulilala hema moja. Kabla ya kulala nikatoka na mshumaa na kiberiti. Njiti inawaka, inakufa. Nyingine hivyo hivyo. Nikajificha nyuma ya jiwe, upepo ukazunguka ukanifuata. Nikarudi ndani, mikono haina habari. Damasi alikuwa ndani ya begi la kulalia, pua tu inaonekana. Alikuwa ameniona.

Nikakaa nikimsubiri. Nilisema hapa ndipo, hakuna pengine palipobaki pa kwenda.

Akasema, "Lala, mlamu. Kichwa kitapasuka."

Basi.

Asubuhi Yonas akafunga miguu kwenye ubao, akasimama kwenye mteremko, akajisukuma. Ubao haukwenda. Akajisukuma tena. Ulishika kama umepigiliwa misumari. Akaanguka kwa mbele taratibu, kama mti unaokatwa. Akaufungua, akapapasa chini. Akamuuliza kiongozi. Kiongozi akatugeukia. Kile kitu cha mafutamafuta kilikuwa nta. Inapakwa makusudi ili uteleze. Mtu ametoka kwao na nta yake, nimeisugua na stilwaya.

"Nani kausafisha?"

Nikafungua mdomo. Damasi akawahi.

"Tumeusafisha mimi na mlamu wangu. Tuliona mchafu."

Yeye hakugusa. Alikuwa amelala wakati nasugua. Yeye ana jina pale, watu wanamuita kwa jina miaka yote hiyo. Amelitia doa kwa ajili yangu. Kwa nini? Mtu unayetaka kumfukuza unambebea kosa la nini? Au ndiyo unamtendea wema wa mwisho?

Yonas hakukasirika. Alikaa kwenye theluji akacheka kidogo, macho hayacheki. Kisha akauliza kama kuna mshumaa. Mshumaa nao ni nta. Mpishi akasema hana, wanatumia taa za betri siku hizi.

Damasi akanitazama. Akasogea karibu, akasema chini chini.

"Toa."

"Ni wa Agripina."

"Najua ni wa nani. Alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako. Toa."

Nikatoa. Kiongozi akamweleza Yonas ni mshumaa wa marehemu. Yonas akavua kofia, akakataa kabisa, anarudisha kwa mikono miwili. Damasi akamrudishia. Wakasukumana hivyo kama watu wanaogombea kulipia chai. Mwisho mgeni akapokea. Akapiga ishara ya msalaba, sijui kama ni Mkatoliki au alituiga. Akapaka. Alipaka polepole, kila kona, ubao wote ukawa mweupe.

Akasimama. Akaenda.

Nilifumba jicho na kufumbua ameshafika chini. Wiki nzima ya kupanda, watu wote wale, mahema, mayai, mitungi ya gesi, kwa kitu cha muda wa kupiga chafya. Huko chini akatapika. Halafu akainua mikono juu, anafurahi.

Mpishi akasema, "Mluguru, mkeo kambeba mzungu. Wewe alikubeba lini?"

Nilicheka. Nimecheka mpaka kifua kikauma. Sijacheka hivyo tangu tumzike. Katikati ya kicheko nikawa nalia, na sikuweza kujua kipi kilikuwa kipi. Mtani hakunibembeleza. Alinipa kikombe cha chai akaenda zake.

Yonas alipanda akihema, akatuwekea ubao mbele. Anaonyesha kwa mkono, nyie pia.

Mimi nikakataa. Damasi akakaa juu yake. Hakusimama kama mgeni. Alikaa chini kama watoto wa kwetu wanavyokaa kwenye gamba la mgomba kuteleza kwenye nyasi. Mzee mwenye ndevu nyeupe, miguu mbele. Akasema walikuwa wanateleza hivyo na Agripina huko Bigwa, mama yao anawachapa kwa kuchana nguo. Mimi hilo sikulijua. Nimeishi naye miaka yote na hakuwahi kuniambia.

"Yeye alikuwa anakaa mbele," akasema. "Njoo ukae mbele, mlamu."

Nikakaa mbele. Akanishika kiunoni. Mpishi akatusukuma.

Siwezi kuieleza. Ulikuwa upepo, na meno, na Damasi nyuma ya sikio langu anapiga kelele za kitoto. Tukapinduka. Theluji ikaingia kwenye shingo. Tukabaki tumelala chali, pumzi hakuna, tunatazama juu. Mbingu pale ni nyeusi kidogo hata mchana.

Nikasema sasa. Sasa ataniambia. Nilikuwa tayari, wallahi, nilikuwa tayari hata kwa Kisaki.

Akasema, "Inanuka bati."

Nikasema, "Bati jipya."

Tukaamka tukafunga hema.

Kushuka hakuna cha kusimulia, magoti tu. Damasi akanisindikiza stendi pale Moshi. Yeye anakuja Jumamosi kwa ajili ya misa. Basi limeshawaka, nipo dirishani. Akagonga bodi kwa kiganja.

"Mlamu. Bati la upande wa jikoni bado linavuja?"

Siku ya msiba mvua ilinyesha. Maji yalimdondokea yeye begani, amekaa jikoni na wajomba. Kumbe hakusahau.

Nikasema linavuja.

"Lizibe kabla ya Jumapili."

Basi likaondoka.

Tangu jana nalizungusha hilo neno. Mtu unayemfukuza humwambii azibe bati. Hapo nafurahi. Halafu nasema, kwa nini usimwambie? Nyumba ni ya kwao, inarudi kwao, lazima irudi nzima. Mgane akiondoka haachi tundu. Hapo moyo unashuka. Halafu nakumbuka alivyonishika kiunoni. Halafu nakumbuka alivyosema "dada yangu kabla hajawa mke wako." Nimemuuliza Sesi. Kasema baba, mpigie mjomba umuulize.

Siulizi.

Kipande cha mshumaa kimebaki, kama kidole gumba. Yonas alinirudishia amekifunga kwenye kitambaa safi. Nimekiwasha sasa hivi hapa mlangoni. Hapa kinawaka vizuri, hakuna upepo. Nimemwambia Agripina theluji inanukaje. Sijui kama alikuwa hajui bado, maana kama nta ile ilikuwa sala ya kumwombea, basi yeye ameshafika pale kabla ya maelezo yangu.

Tundu nimelitazama kwa ndani. Ni dogo, msumari umetoka. Kesho asubuhi kabla jua halijachoma bati, nawahi juu na nyundo na lami. Nitaliziba vizuri, nisiweke kiraka cha mtu anayeondoka.

Bati liwe langu au la wengine, mvua itakuja tu.